Kapteni Taratibu na Njia Iliyofunikwa na Maji

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kike, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye kazini walimwita Kapteni Taratibu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma hadi sekondari ya bweni aliyoimaliza mwaka 1970, na Februari 1972 akaingia chuo cha urubani, ambako mwalimu wake aliandika kwamba anaruka vizuri, ila akishatua huitembeza ndege kama mtu aliyebeba mayai.

Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1974, na mwaka 1980 akakabidhiwa ndege kubwa za abiria, akashika msemo wake kwamba kutua si kufika, maana ndege kubwa ikiwa chini, rubani haoni ncha za mabawa yake.

Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1981 alitua katika mvua kubwa, akakuta njia ya kwenda maegeshoni imefunikwa na maji, mstari wa njano hauonekani. Mnara wa udhibiti wa uwanja ulimhimiza aendelee, abiria 212 wakanung'unika, naye akafunga breki, akasema redioni, "Nisipoona mstari, siendi. Nileteeni mtu atangulie mbele yangu." Akaja mwongoza ndege wa maegeshoni, mwanamke mwenye koti la mvua, akapapasa maji kwa fimbo, na hatua thelathini mbele akainua mikono yote miwili kumzuia, kwani mafundi walikuwa wamechimba lami pale, wakaacha shimo la kufika kiunoni bila alama yoyote. Kaka aliposhuka kumshukuru, alijibiwa, "Kapteni, asante haikaushi soksi."

Akamnunulia soksi, wakafunga ndoa tarehe 12 Februari 1983, wakajaliwa binti mwaka 1984 na mwana mwaka 1987, na hadi juzi wifi yangu alikuwa akisimama uani kumwongoza kuegesha gari, ingawa uani hapo basi zima lingegeuka.

Alistaafu mwaka 2011, akaanza kuugua moyo Novemba 2022, akafariki tarehe 3 Juni 2023, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Siku mbili kabla alituambia kwamba kila abiria aliyempakia alifika kwao kwa miguu yake, na kwamba hilo linamtosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupikia wiki nzima, na wafanyakazi wenzake wote wa kiwanjani.

Kaka, tulikufaidi. Pumzika kwa amani.