Mfupa wa Kifua Uliokataa Kuunga

Bwana asifiwe sana, wapendwa wa kanisa hili la Gitting! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Daudi, mkulima wa mahindi na maharage kule Maretadu. Leo nimesimama mbele yenu nikiwa mzima, na nina furaha!

Ndugu zangu, moyo wangu uliugua tangu nikiwa binti. Nikipalilia mstari mmoja tu, pumzi inakata. Nikapelekwa Dar es Salaam, madaktari wakaupasua mfupa wa kifua, wakatengeneza valvu ya moyo, kile kilango cha damu. Nikarudi nyumbani napumua vizuri. Tulichinja mbuzi, tukaimba!

Kumbe shida ilikuwa bado. Baada ya wiki chache, kila nikikohoa mfupa wa kifua unalia, ko! ko! Kisha kidonda kilichokuwa kimeshafunga kikatoboka, kikatoa usaha. Homa ikanishika. Mwenzetu mmoja wa kikundi cha maombi akaniambia, "Mungu ameshakuponya. Ukirudi hospitali, unaonyesha huna imani." Maneno yale yalinifunga, ndugu zangu. Nikajifunika khanga, nikakificha kidonda.

Siku moja mama mkwe alikuwa ananiinua kitandani, akausikia ule mlio. Akafunua khanga, akaona. Mama huyu ni mwombaji kweli kweli, nikadhani atapiga magoti. Akasema, "Vaa viatu."

"Mama, tusiombe kwanza?"

"Tutaomba ndani ya gari. Panda!"

Na aliomba njia nzima, akipaza sauti mpaka dereva naye akaitikia amina! Hospitali ya kwetu wakanirudisha Dar es Salaam. Daktari akaniambia, "Hii huwapata wachache sana. Mfupa haujaunga, na usaha umeingia chini yake. Ungechelewa kidogo, tungekupoteza."

Wakanifungua tena, wakasafisha, wakatoa nyaya walizoufungia mfupa mara ya kwanza. Nikakaa na kifua wazi, mashine ikivuta uchafu. Sitawaficha, hapo niliogopa kufa. Mwishowe wakavuta nyama ya kifua changu mwenyewe, wakaziba lile pengo. Ikashika! Haleluya!

Sasa hivi ndoo ya maji bado nabebewa, lakini maharage nachambua, na kwaya naimba sauti ya pili. Nimeridhika. Namshukuru Yesu, na nawashukuru madaktari aliowatumia.

Ndugu yangu, kama umekaa hapo unaficha kidonda kwa kuogopa kuambiwa huna imani, mtegemee Mungu, na uinuke uende ukatibiwe. Nione baada ya ibada. Nitakusindikiza mimi mwenyewe.