Lensi Iliyojirefusha

"Muntu akikimbia vita, anabebaka nini kwanza?" Jirani yake wa mtaa wa Kamalondo alimuuliza hivyo siku moja, na mjane Léonie akajibu: Biblia. Sasa, ndani ya bisi ya abiria iendayo Kasapa, kando yake aliketi bwana aliyebeba kamera mpya yenye lensi kuukuu, nzito kama mchi.

Bisi ikaruka shimo. Lensi ikajirefusha, ikamwelekea mfanyabiashara aliyeketi mbele yao.

"Papa, unanipiga picha?" mfanyabiashara akauliza.

"Hapana, papa. Zoom hii ya kuvuta picha ni ya zamani, imelegea, inateleza yenyewe. Kupiga picha, yote unafanyaka na mukono."

"Kamera ya leo na lensi ya babu! Unatoka wapi?"

"Goma. Nilikimbia nayo. Iko ya marehemu baba."

"Bantu banakimbiaka na masufuria, wewe na darubini?" Akainama kusoma kioo cha kamera. "Tazama, inaandika lensi hakuna! Hata kamera inakukana."

"Hii lensi haina umeme, papa. Kamera haiijui, lakini picha inatoka."

"Utaeleza basoda pale kwenye kizuizi cha barabara."

Léonie mwenyewe hakumwamini sana yule bwana wa kamera. Mjane hujifunza kuchunga mlango wake. Lakini Mungu hapendi ushahidi wa uongo. "Papa," akasema, "mimi niliangalia. Mikono yake ilikuwa kwenye kiti."

"Ah, mama! Kumbe munajuana?"

Bisi ikasimama penye kizuizi, na basoda wakasogea, askari wawili. Yule bwana akaifungua lensi, akaiweka mapajani mwa Léonie amtunzie, isije ikachukuliwa, akashuka na kamera yake kuwakabili askari.