Ne' Lebang na Pengo la Sol ya Chini

Wasikilizaji wapendwa, mmelisikia pengo hilo? Fundi mitambo, rudisha kidogo. Hapo. Wimbo unashuka, unashuka, halafu kimya, pale pale palipotakiwa sauti nene. Mitambo yetu haina kosa. Hiyo ni bendi ya pompang ya kanisa la Buntu Tallang, Krismasi iliyopita. Matarumbeta ya mianzi ishirini na nane, na moja halipigwi.

Leo tunamkumbuka mtu aliyeliacha pengo hilo kwa makusudi. Ni Yunus Sa'pang, tuliyemwita Ne' Lebang, babu yake Lebang. Alitengeneza matarumbeta hayo kwa mikono yake na kuiongoza bendi kwa miaka arobaini na mmoja. Amefariki Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka sabini na sita.

Nilitaka kujua jambo moja tu. Kwa nini mzee aliyependa muziki kiasi kile aliuacha wimbo wake na pengo kwa miaka saba?

Sauti hiyo nene, sol ya chini, ilikuwa ya Marten Allo. Kwenye pompang kila mtu ana sauti yake. Usipokuja wewe, sauti yako haiji. Marten aliipuliza tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Alipofika kumi na tisa alikwenda mjini Makassar, akawa fundi wa pikipiki, na kanisani hakukanyaga tena, si huko wala huku.

Wazee wa kanisa wakasema apewe mwingine. Ne' Lebang akakataa. Binti yake, Indo' Lebang, yaani mama yake Lebang, hataki tumpambe baba yake. "Haikuwa hekima," ameniambia. "Ulikuwa ubishi. Alisema sol ni ya Marten, na Marten atarudi akisemwa vya kutosha."

Basi akaenda kumsema. Alipanda basi na wazee wawili, mkononi ana barua ya baraza la kanisa. Walimkuta Marten gereji. Akawaagizia kahawa, akasema anakwenda kunawa mikono. Hakurudi. Wazee watatu walikaa mpaka kahawa ya pili, wakiangaliwa na mwenye gereji aliyekuwa amebana kicheko.

Mimi nacheka, lakini namwelewa Marten. Nami niliwahi kuletewa barua kama ile. Ilijua nimekosa ibada ngapi. Haikujua kingine chochote juu yangu.

Sasa sikilizeni. Ne' Lebang aliporudi nyumbani alilishusha tarumbeta la Marten ukutani ili alifute vumbi. Akaona ufa. Ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani, umebana hata hewa haipiti. Miaka yote ya kuchonga mianzi, yeye hakuwahi kufikiria mpira. Akapiga simu. Indo' Lebang alikuwa pembeni anamenya vitunguu, akasikia yote.

"We Marten, huu mpira uliufungaje?"

"Ne', umenipigia kuniuliza mpira?"

"Mpira wako hauvuji. Matarumbeta yangu yanavuja. Nifundishe."

Marten akamfundisha. Wiki iliyofuata mzee akapiga kuuliza gundi. Ikawa kila Alhamisi alasiri. Walizungumza minyororo ya pikipiki, mianzi, na mama lishe wa jirani na gereji anayeunguza wali kila siku na bado ana wateja. Kuhusu ibada, hakuuliza hata mara moja. Ilipita miaka miwili ndipo akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Mjukuu wangu, ni nini hasa kilikuondoa?"

Marten ameniruhusu niseme. Mama yake aliumwa miezi kumi na mmoja. Nyumba yao iko hatua mia mbili kutoka kanisani. Akiwa kitandani alisikia bendi ikifanya mazoezi, akawa anauliza watakuja lini kumpigia. Hawakuja. Alipofariki walikuja wote, na sare zao, na matarumbeta yote ishirini na nane. Marten alipuliza nao siku hiyo, kisha akalitundika tarumbeta lake ukutani kwa Ne' Lebang.

"Mlikuja akiwa hasikii tena, Ne'," alimwambia.

Mzee hakujitetea. Akasema, "Kweli. Na aliyekuwa anapanga siku za bendi ni mimi."

Hakumwambia arudi. Alhamisi iliyofuata aliichukua bendi, wakaenda kupiga uani kwa mama mmoja mgonjwa wa figo. Tangu hapo, kila Alhamisi wanapiga penye mgonjwa anayesikia. Na pengo likabaki. Aliyeuliza aliambiwa, "Hapo ni pa Marten." Kwenye mashindano ya Krismasi walishika mkia, na bendi za makanisa mengine zikawaita kibogoyo. Lakini vijana wanne waliokuwa wametoweka walianza kujitokeza Alhamisi. Jumapili bado wanasuasua.

Mwezi uliopita mapafu ya Ne' Lebang yalichoka. Alimwambia binti yake kuwa anatamani kuusikia wimbo mzima masikio yakiwa bado yanafanya kazi. Binti akachukua simu ampigie Marten. Mzee akamkataza. "Usimwite. Ukimwita, itakuwa ile barua tena."

Alhamisi ya wiki iliyopita simu ya Marten haikulia. Alisubiri, akapiga mwenyewe. Indo' Lebang akapokea, akamwambia baba hawezi kuamka.

Marten akauliza neno moja. "Anasikia?"

"Anasikia."

Ijumaa asubuhi alikuwa uani kwa mzee, mafuta ya pikipiki bado kwenye kucha. Bendi ikakusanyika, siku isiyo yake. Wimbo ukashuka, ukashuka, na sol ikawepo. Indo' Lebang alikuwa ameushika mkono wa baba yake.

"Alifungua jicho moja," anasema. "Akaniambia, 'Kachelewa kidogo kuingia.' Kisha akatabasamu."

Kesho yake akatutoka. Kwa desturi yetu, marehemu hukaa nyumbani mpaka siku ya kuzikwa, kwa hiyo bado yuko kwake, na kila asubuhi anapelekewa kahawa. Mazishi ni baada ya mavuno. Nilimuuliza Marten kama Jumapili atakwenda kanisani. Akasema, "Sijui. Alhamisi nipo."

Indo' Lebang, mdogo wetu Lebang, na Buntu Tallang nzima, poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wenu ana kijana aliyetoweka. Kabla hamjamwandikia barua, jiulizeni: anajua kitu gani ambacho ninyi hamkijui? Mpigieni, mumuulize hicho.

Fundi mitambo, weka wimbo wa Ijumaa, uliorekodiwa pale uani kwa simu. Sikilizeni unaposhuka. Ni kweli, amechelewa kidogo.