Umri wa Mashine ya Randa

Kwenye basi, seremala aliyeketi mbele yangu alikuwa akienda na mama mmoja kuiona mashine ya randa anayoiuza mama huyo.

"Mama, nitajie mwaka tu. Ikiwa kuukuu mno, vipuri sitapata na kazi italala."

"Si nimeshakwambia, baba? Ilikuja nikiwa na mimba ya kifungua mimba."

"Ana umri gani?"

"Mtu mzima huyo, ana kipara."

Seremala akajipiga paji la uso. Mimi, mama mwenye mwanangu mapajani, niliona hesabu imenyooka kabisa.

"Haya. Ilikuja mpya?"

"Mpya wapi! Marehemu mume wangu aliachiwa na fundi wake."

"Na huyo fundi aliipata lini?"

Basi likasimama.

"Tushuke, baba. Mkewe anakaa hapo ng'ambo, naye alizaa kumi."