Teke Ambalo Halikurushwa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao lililosogezwa kwenye ukuta wa saluni ya kiume, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali. Asubuhi, kabla kazi hazijachanganya, utawakuta pale wale wale. Kuna Profesa, kinyozi mwenye saluni, ambaye shule aliiacha mapema lakini hakuna jambo asilolipigia hesabu. Kuna Dishi, fundi wa madishi ya televisheni, anayeangalia kila pambano linalorushwa duniani. Kuna muuza kahawa, ambaye mtaa mzima humwita Shemeji ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwoza dada yake. Wa nne ni Kombora, mchomeleaji wa mageti na bondia mstaafu, ambaye siku hizo mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta ngumu ya hospitali. Alikuwa ameuvunja kwenye taya la mdogo wake. Hiyo ilikuwa siku ya tisa, na kijiwe kilikuwa bado kinaishi kwa habari hiyo.

— Ngumi ya bondia haina mpinzani, alianza Profesa huku akipuliza kahawa. Bondia kazi yake ni moja. Asubuhi ngumi, mchana ngumi. Mtu wa MMA ana mateke, ana viwiko, ana mieleka, ana kukabana shingo. Nguvu yake ni blanketi moja wanalogombania watu watano.

— Usinichekeshe mapema yote hii, Dishi akamjibu. Glavu ya bondia ni godoro! Mtu wa MMA, kule ndani ya kizimba chao, glavu yake nyembamba, vidole viko nje. Ngumi ikitoka, inafika nzima nzima.

— Na ndiyo maana anabana. Anaogopa kuvunja vidole. Bondia kavaa godoro lake, anaachia mzigo wote. Lile godoro halimlindi anayepigwa, bwana, linamlinda anayepiga.

— Na viatu je? akadakia Shemeji, birika mkononi. Bondia ana viatu, mwenzake yuko pekupeku. Ngumi inaanzia kwenye nyayo.

— Haswa! Profesa akapiga paja. Ardhi inapandisha nguvu kupitia soli. Mimi nimekaa nikapiga hesabu. Ngumi ya bondia wa uzito wa juu ni sawasawa na kuangukiwa na jokofu.

— Jokofu tupu au lenye vitu?

— Lenye vitu.

— Limechomekwa umeme?

— Dishi, usiniharibie sayansi!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Kombora naye alicheka, ila kidogo tu, kwa sababu alijua safari hii inaishia wapi. Kila asubuhi ubishi ulianzia mbali, ukazunguka weee, kisha ukaja kutua kwenye mkono wake.

— Ushahidi si huu hapa? Profesa akainyooshea kidole ile plasta. Mdogo mtu yuko kwenye MMA mwaka wa nne, shingo lote lile. Kaka mtu hajapanda ulingoni miaka kumi na moja. Ngumi moja, kijana chali! Kama si nguvu za bondia ni nini?

— Hapo sina neno, alikiri Dishi. Hebu Kombora, tuonyeshe tena alivyokuja.

Ee bwana, alivyokuja! Ukweli ni kwamba hakuja. Siku ile pale karakanani, ambako ndugu hao wawili hufanya kazi pamoja, walikuwepo vibarua wawili wanaopakia madirisha, na kijana akamtania kaka yake mbele yao: "Kaka, ngumi zako siku hizi ni za kubembelezea mtoto." Vibarua wakacheka, wakaondoka na mzigo wao. Kijana naye akacheka, akainama na tepu kupima geti, na utani kwake ukawa umekwisha. Kwa Kombora haukwisha. Kijana alipoinua uso kumtajia kipimo, tepu bado iko mkononi, ndipo ngumi ikamkuta.

Kesho yake kijiweni Profesa aliuliza, "Alikuja na ngumi au na teke?" Wote walikuwa wanamtazama Kombora kwa heshima ambayo hajaionja miaka mingi, akajikuta anajibu, "Teke." Basi teke likashika kasi. Mwanzo lilikuwa la mbavuni, baada ya siku tatu likapanda likawa la kichwani. Kila walipolisimulia alijiona mdogo kuliko jana, lakini kila asubuhi alirudi kukaa pale pale.

Kombora akasimama. Dishi akajifanya mdogo mtu, akarusha mguu juu, na Kombora akainama, akachomoza kwa ngumi ya kushoto taratibu. Uso ulimwaka kwa aibu. Jasho lilimtoka, na jua lenyewe lilikuwa bado halijachoma.

— Mnaona? Profesa alipiga kelele. Mnaona kiuno kinavyozunguka?

— Hamjambo hapa?

Wakageuka. Alikuwa mama mmoja wa makamo, na mkoba begani.

— Hatujambo. Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nawatafuta mafundi wa geti, wale ndugu wawili. Nimekuta karakana imefungwa, nikaelekezwa hapa.

— Umefika, mama! Dishi alisema kwa furaha. Kaka mtu ndiye huyu. Karakana imefungwa kwa sababu ya historia.

Akammwagia kisa chote, na teke, na jokofu. Yule mama alisikiliza bila kucheka. Dishi alipomaliza, mama akauliza:

— Na huyo mdogo wake anaendeleaje?

Dishi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Shemeji. Shemeji akaanza kusuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

— Nadhani anaendelea, Profesa alisema.

— Umemwona?

— Mimi? Hapana, mama. Kwa kweli hapana.

— Nani kamwona?

Mama akamgeukia Kombora.

— Yuko kwa dada yetu mkubwa, Kombora alisema. Sijaenda.

— Siku tisa?

— Siku tisa, mama.

Dada yake alikuwa amempigia simu siku nne mfululizo, naye akaiacha iite mpaka ikakata, kwa hofu ya atakachoambiwa. Sasa aliitoa mfukoni kwa mkono wa kushoto na kupiga. Sauti ya dada mtu ilikuwa kubwa, wote waliisikia.

— Leo ndiyo umekumbuka?

— Dada, shikamoo.

— Shikamoo yako kaa nayo. Unataka nini?

— Nataka kuongea naye.

— Haongei. Taya limefungwa waya, wiki sita. Uji anakunywa kwa mrija. Ila masikio yake mazima. Namwekea simu, sema unachotaka kusema.

Kombora alitazama benchi. Nyuso zote zilikuwa zinamsubiri, na alijua angeweza kusema pole tu, akakata, akabaki na heshima yake.

— Mdogo wangu, alisema. Ulikuwa umeinama. Ulikuwa unapima geti, na uliinua uso unitajie kipimo, nikakupiga. Hapa nimewaambia watu ulinirushia teke. Hukurusha teke. Nimesema uongo, na walikuwa wananisifu, na mimi nikapenda.

Dishi, ambaye alikuwa bado amesimama pale alipoigiza lile teke, akaketi. Upande wa pili zilisikika pumzi tu, nzito, za kupitia puani, na Kombora akabaki ameshika simu, asijue mdogo wake analia au amekasirika, wala hakuthubutu kukata.