Tangulia, Nasi Tunakuja

Wifi yangu, wanangu watatu, Mheshimiwa Spika, waheshimiwa wabunge wa pande zote mbili, majirani, na ninyi nyote mliofunga maduka na ofisi ili kutusindikiza, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, na kabla sijaanza naomba radhi kwa jambo moja, kwamba wiki hii nimechoka, na mtu aliyechoka husoma yaliyoandikwa na yasiyoandikwa.

Kaka alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi wa mabehewa na mama mshonaji, akapewa jina la ukoo wetu, ambalo kama mjuavyo linaanza na A na kufuatiwa na B, jambo ambalo kwa wengine lingekuwa tahajia tu, lakini kwake lilikuwa kama cheo asichokiomba, maana katika kila orodha aliyowahi kuandikwa, iwe ya darasa, ya kambi, ya ajira au ya Bunge, yeye ndiye aliyeitwa kwanza.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, na tarehe 12 Mei 1967 walikuja wauguzi wawili na sanduku la chanjo, watoto wakapangwa kwa herufi kwenye veranda, nami nikiwa darasa la kwanza nikachungulia dirishani, nikamwona kaka mbele ya mstari na sindano, na nyuma yake watoto arobaini ambao hawakuitazama sindano, walimtazama yeye, hadi yule wa pili kwenye mstari akamsukuma kidogo mgongoni akamwambia, "Tangulia, nasi tunakuja." Kaka hakulia, basi arobaini wote wakakunjua mikono, na tangu siku hiyo jina lake mtaani likawa Tangulia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama iliuma, akaniambia iliuma mpaka kwenye meno, ila alihisi macho yao shingoni.

Alisoma sekondari kuanzia 1973 hadi 1976, akajiunga na chuo cha upimaji wa ardhi, akahitimu Novemba 1979, na tarehe 1 Julai 1980 akaajiriwa katika ofisi ya ardhi ya wilaya, chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, chenye meza ya kuchorea ramani na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba, akafanya kazi humo miaka ishirini na mitano, na wanaomkumbuka wakati ule wanakumbuka desturi yake moja, kwamba majirani wakigombania mpaka hakupima kwanza, alimwomba kila mmoja aende kusimama katika kiwanja cha mwenzake kwa muda wa kuvuta pumzi kumi, kisha arudi, akisema kwamba mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka hajui uko wapi, anajua tu anakotaka uwe. Kesi nyingi ziliisha kabla hajafungua mkoba wa vifaa. Nyingine hazikuisha, na wenyewe mpo hapa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mkunga, wa pili fundi umeme, wa tatu aliyesoma sheria na sasa anafuga nyuki, na kaka alikuwa baba wa kawaida mwenye mapungufu ya kawaida, alisahau siku za kuzaliwa, hakusahau ahadi, na hakuwahi kujua funguo zake ziko wapi.

Mwaka 2005 aliingia bungeni kwa tiketi ya chama kinachotawala, akachaguliwa tena mara tatu, na hapa, ndugu zangu, tunafika mahali ambapo wengi wenu mngependa niruke, lakini mwenyewe aliniagiza nisiruke. Tarehe 19 Juni 2017 ililetwa bungeni hoja ya kwanza ya kumwondoa Rais madarakani, kwa kura ya kuitwa jina mojamoja, nanyi mnajua nani alikuwa juu ya orodha. Katibu wa Bunge aliita jina la kaka, akangoja, akaita tena, akaandika kwamba hayupo, kisha akaendelea, na wale wa chama chetu waliokuwa wameahidi kuvuka wakatazama kiti kile kitupu, wakasema hapana mmoja baada ya mwingine, hoja ikaanguka kwa kura nne. Hakuna aliyejua alikokuwa kaka mpaka aliponiambia mwenyewe baada ya miaka mitatu, tukiwa tunamenya machungwa jikoni kwake. "Nilikuwa nyuma ya mlango wa choo," alisema, "nalisikia jina langu kwenye kipaza sauti cha ukutani, mara mbili, na mkono wangu uko kwenye komeo." Akaongeza kwamba hakuwa peke yake, kwamba siku ile choo cha Bunge kilijaa kuliko kamati yoyote aliyowahi kukaa, watu wazima watano, wa pande zote mbili, wakinawa mikono kwa makini ya madaktari wa upasuaji, na hakuna aliyemtazama mwenzake kwenye kioo.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, hofu ni kitu cha watu wote, ila niliona kilichomsumbua hakikuwa kura yake moja, ilikuwa ni wale waliokuwa wakimtazama yeye, kwamba safari hii sindano ilikuwa imemshinda, na arobaini wakarudisha mikono mifukoni.

Mwaka huu, baada ya Rais kukaidi amri ya mahakama mara tatu, na kuahirisha uchaguzi wa wilaya kwa barua ya mistari minne, hoja ya pili ililetwa, na hesabu yake wifi yangu aliiandika kwa chaki kwenye ubao wa jikoni, nayo ni rahisi kiasi cha kukera. Zinatakiwa kura mia mbili. Upande wa pili wanazo mia moja themanini na tisa. Zinapungua kumi na moja, ambazo lazima zitoke chama chetu, na waliokuja sebuleni kwa kaka tangu mwezi Agosti kumwambia kwamba mioyo yao imeshavuka ni kumi na wanne, kila mmoja akiegesha gari mtaa wa pili ili lisionekane, hata kina mama wa mtaa huo wakazoea kuwaelekeza, "Nyumba yenye geti la kijani, mheshimiwa, wenzako wameshafika."

Walikaa, walikunywa chai, walitaja katiba kwa vifungu, na kila mmoja alimaliza kwa maneno yaleyale ya mwaka 1967, tangulia, mzee, nasi tunakuja, kwa kuwa jina lako ndilo la kwanza, ukisema ndiyo wewe mlango umefunguka, na kaka aliwauliza ikiwa wao kwa wao wameambizana, kumbe walikuwa hawajaambizana, kila mmoja alifikiri yeye na kaka ni wawili tu duniani. Alipowaomba wakutane wote mara moja, sebule ileile, chai ileile, mmoja alikuwa na msiba, mwingine mafua, mwingine akasema kukutana ni kama kula njama. Baada ya wa kumi na nne kuondoka, kaka aliniambia, "Dada, nyuma yangu kuna msongamano, mbele yangu hakuna mtu," naye wifi yangu, ambaye kwa kawaida ni mpole, akakusanya vikombe akisema amefundisha watoto miaka thelathini na sita, na hajawahi kuona mbuzi kumi na wanne, kila mmoja ana miguu minne, wakingoja mbuzi mgonjwa ndiye apime kina cha maji.

Maana kweli alikuwa mgonjwa. Moyo wake ulianza kushindwa Septemba, tarehe 27 alilazwa katika hospitali ya mkoa, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, pumzi ikawa fupi kiasi kwamba sentensi moja aliikata vipande vitatu, na mnadhimu wa chama, ambaye kazi yake ni kuhakikisha wetu wanapiga kura kama wetu, alikuja kumjulia hali, akakaa vizuri tu kama ndugu, akamkumbusha kwamba wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kaka akamjibu kwamba nyumbani kwake walishacheka vya kutosha tangu 2017. Nasema haya bila kinyongo, mnadhimu yupo hapa, na juzi Ijumaa alituletea bendera ya chama tulifunike jeneza, wifi yangu akaikunja vizuri akamrudishia, akamwambia marehemu ameshamaliza zamu yake, bendera bado ina kazi Jumanne, siku ya kura.

Kaka aliandika barua kwa Katibu wa Bunge kuomba kupiga kura akiwa kitandani, akajibiwa kwa heshima kwamba kanuni inataka mwenye jina aitike mwenyewe, ndani ya ukumbi, kwa sauti ya kusikika, basi akamwomba daktari amruhusu kubebwa kwa machela siku ya kura, daktari akasema tutaona, na kaka akaanza mazoezi. Kila asubuhi muuguzi wa zamu alipopita na orodha ya wagonjwa, ambayo hata humo jina la kwanza lilikuwa lake, alisimama mlangoni akaliita kwa sauti ya Katibu wa Bunge, na kaka akaitika "Ndiyo," siku za kwanza kwa mnong'ono ambao hata jirani wa kitanda hakuusikia, wiki ya pili kwa sauti ya kufika dirishani, wiki ya nne wagonjwa wengine wakawa wanampa alama, na mzee wa kitanda cha kona, mkali kuliko wote, hakuwahi kumpa zaidi ya sita.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, muuguzi aliliita jina, kaka akaitika, mzee wa kona akampa tisa. Saa nane mchana alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, wifi yangu akiwa ameshika mkono wake mmoja, na mkono wa pili ukiwa na bomba la dripu.

Familia inawashukuru madaktari, kwa kutosema uongo, inamshukuru muuguzi wa wodi namba tatu, aliyeweza kuwa Katibu wa Bunge kila siku kabla ya chai, inawashukuru majirani wa mtaa wa pili kwa maegesho, na inawashukuru wabunge wenzake, ambao wamekuja wengi, wakaandika katika kitabu cha rambirambi, nami jana nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, nikayakuta majina kumi na manne ninayoyafahamu, na chini ya kila jina, bila wao kuonana, maneno karibu yaleyale, "Umetangulia, mzee, sisi tuko nyuma yako." Nilifunga kitabu. Nilikwenda kunawa uso. Ndugu zangu, lugha yetu ina neno moja kwa mtu aliyefungua njia na kwa mtu aliyefariki, na sijui kama wahenga waliliacha hivyo kwa hekima au kwa kuchoka kama mimi.

Sisemi waheshimiwa hawa ni watu wabaya. Wana watoto shuleni, wana majimbo, wana hofu halali, na aliyewahi kushika komeo la mlango wa choo alikuwa wa damu yangu. Ninasema tu kwamba hesabu iko pale pale, wifi yangu hajaifuta ubaoni, kumi na moja zinatakiwa, na hata bila kaka wamebaki kumi na wanne.

Jana Katibu wa Bunge alinipigia simu kunieleza, kwa masikitiko, kwamba orodha ya kura imeshachapwa, na tangazo la kiti kuwa wazi limepangwa baada ya hoja, kwa hiyo Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi, jina la kaka litaitwa, litaitwa mara mbili kama kanuni inavyotaka, na wote mtakaa mkisikiliza kimya chake, nami nikamwomba asilifute. Baada ya kimya hicho linafuata jina la pili. Mwenye jina la pili, mmoja wa wale kumi na wanne, tulisoma naye shule moja, ndiye aliyemsukuma kaka mgongoni mwaka 1967, ameketi safu ya tatu, na kofia yake iko mapajani.

Tangulia wetu, umepumzika, lala kwa amani. Mbele ya yule aliyekusukuma sasa hakuna mtu.