Viti Vitatu vya Mstari wa Mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, Makamu wake, walimu wenzangu, ndugu zetu wa ofisini, jikoni na bustanini, wanafunzi mliopo na mliomaliza, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji ananifahamu vizuri, ndiyo maana amekaa karibu na swichi ya kipaza sauti.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimefundisha katika maabara ya kompyuta, kile chumba cha mwisho wa ukumbi mrefu, chenye mlango unaolalamika na kompyuta kumi na nane, ambazo kumi na nne kati yake hukubali kuwaka. Nimefundisha mengi, lakini mkinibana niseme nimefundisha nini hasa, nitasema nimefundisha vineno vitatu: na, au, si. Mvua inyeshe na mwalimu achelewe. Mvua inyeshe au mwalimu achelewe. Mwalimu asichelewe. Uwezekano wake ni kiasi gani? Mwanafunzi anaandika programu ya mistari tisa, nayo inapita kila hali inayoweza kutokea, moja baada ya nyingine, ikijiuliza: hapa sentensi yetu ni kweli? Ikiwa kweli, inaongeza uzito wa hali hiyo kwenye jumla. Basi. Hakuna uganga hapo, ni subira tu, na kompyuta ina subira kuliko mimi.

Wanaocheka kule nyuma wanangoja niseme kwa nini naitwa Moja kwa Mia. Nitasema mwenyewe, kabla hamjatia chumvi.

Chuo kilikuwa na pampu mbili za maji. Mkuu wa wakati ule aliniuliza kama inafaa kununua ya tatu. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaona kila pampu hugoma siku moja katika kumi, nikazidisha kwa madaha, nikamwandikia barua: pampu zote mbili zitagoma pamoja siku moja tu katika mia, hakuna haja ya ya tatu. Mwezi ule maji yalikatika mara nne. Mabweni mazima yalikuja kuchota kwenye bomba la bustani, na kila aliyepita dirishani kwangu na ndoo aliniamkia, "Shikamoo, Moja kwa Mia." Ningeitikia nini? Niliitikia marahaba.

Aliyenitoa gizani ni msichana wa mwaka wa pili, mbishi, ambaye darasa lilimpachika jina la Si-Kweli kwa sababu kila nilipofika katikati ya ubao alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Alikwenda nyumba ya pampu akiwa na daftari, akarudi na vumbi magotini, akanitolea uvivu mbele ya wenzake. Pampu zote mbili zilikuwa zinapata umeme kwenye swichi moja. Swichi ikizima, zote zimezima.

Akaniambia, "Mwalimu, umezidisha kabla ya kuuliza."

Tangu siku hiyo somo lile limekaa juu ya ubao wangu kwa rangi nyekundu: uliza kwanza kama matukio yanategemeana. Na yule msichana, Mheshimiwa Mwenyekiti, ndiye huyu mwalimu aliyekaa mstari wa tatu, anayepokea funguo za maabara kutoka kwangu Jumatatu. Bado ni mbishi. Namshukuru Mungu.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye karatasi yangu.

Mmeviona viti hivi vitatu hapa mbele, vimebandikwa "Familia ya Mstaafu". Mama wa itifaki amenijia mara tatu, kwa adabu zote, kuniuliza kama avigawe kwa waliosimama mlangoni. Mara tatu nimemwambia asubiri kidogo. Ni viti vya wanangu: binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi; wa kati, dereva wa malori; na kitinda mimba wangu, fundi wa kushona. Wiki mbili zilizopita nilikaa maabara baada ya vipindi, kama ilivyo desturi yangu siku hizi, maana nyumbani hakuna anayenisubiri, nikawaandikia programu. Msinicheke. Mzee mwingine angepiga ramli.

Nilimpa kila mmoja uwezekano wa nusu, kwa kuwa tangu mama yao atutoke, kila nikiwaita mara mbili, kila mtu huja mara moja. Watoto watatu, hali nane. Kompyuta ikanichapishia mistari minane, na katika saba kati yake kulikuwa na angalau mtoto mmoja kwenye kiti. Saba kwa nane! Nilikwenda kuomba viti vitatu nikitembea kama bwana harusi.

Leo, wapendwa, tumo kwenye mstari wa nane. Hapana, hapana, hapana.

Kabla sijapanda hapa niliwapigia simu. Mkubwa akasema alijua kitinda mimba yupo. Wa kati akasema, si dada ndiye anayekaa karibu? Kitinda mimba akaniuliza, "Baba, kwani kaka hajafika?" Hakuna aliyekosa adabu. Hakuna asiyenipenda. Kila mmoja alilala usingizi wake akijua mwenzake yuko nami.

Swichi moja, ndugu zangu. Na aliyeifunga swichi hiyo ni mimi. Niliwatumia ujumbe mmoja wote watatu, nao ninao hapa kwenye simu: "Mmoja wenu akipata nafasi, aje." Mmoja wenu. Nilidhani nawapunguzia mzigo. Ukweli ni kwamba niliona haya kusema nawahitaji. Marehemu mama yao hakuwahi kuandika hivyo. Alipiga simu tatu, na kila simu ilikuwa na maneno yaleyale: "Wewe. Nakutaka hapa Jumamosi, na usinieleze habari za kazi." Walikuja wote, wakijaza sebule kwa kelele, na mimi nilikuwa nakimbilia uani nipate utulivu. Leo utulivu ninao wa kutosha nyumba nzima. Nimeuchoka.

Je, mtu anaweza kufundisha miaka thelathini na mmoja tofauti ya "na" na "au", halafu akaisahau kwa wanawe mwenyewe? Anaweza. Mmemwona.

Basi wanafunzi wangu, zawadi yangu ya kuagana nanyi si programu. Mkimhitaji mtu, msitume ujumbe kwa kila mtu. Mtajeni mwenyewe.

Nami nianze hapa hapa, ingawa ulimi ni mzito. Mwalimu wa mstari wa tatu, sisemi mmoja wenu, nasema wewe: njoo ukae kiti hiki cha kwanza, na shughuli ikiisha unisindikize mpaka nyumbani, kwa sababu sitaki kuufungua ule mlango peke yangu leo.

Asante, binti. Mama wa itifaki, nawe nakushukuru kwa uvumilivu wako. Viwili vilivyobaki viache na karatasi zake. Sihesabu tena, ila nina simu tatu za kupiga, na ningependa kuwaambia kwamba viti hivi viwili havikukaliwa na mtu.

Nawashukuru nyote mlioniazima masikio yenu mpaka hapa. Asanteni sana.